Ramu Zilizorudi na Meno Meupe

Kwenye sherehe ya kuniaga pale chuoni, kijana mmoja wa idara yetu alisimama na soda yake mkononi, akaanza kuchangamsha watu. Alisimulia habari za fundi mmoja wa zamani wa hapa Shinyanga. Eti mteja akimpelekea kompyuta, fundi huyo alikuwa anachomoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, zenye meno ya dhahabu na kupachika zenye meno ya bati, halafu ile dhahabu anakwenda kuiuza Geita. Ukumbi mzima ulicheka, mpaka mkuu wa chuo akafuta machozi. Mama Pendo wa uhasibu, aliyekaa kulia kwangu, naye alicheka kidogo. Mimi mgeni wa heshima nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nililirudisha kwenye sahani.

Kijana yule simlaumu sana. Aliisikia hivyo kwa mtu, na mtu huyo naye aliisikia hivyo kwa mwingine. Lakini fundi mwenyewe ana jina. Aliitwa Masanja. Ndiye aliyenifundisha kazi iliyonilisha mimi na wanangu mpaka leo, na siku hiyo mnayoichekea nilikuwepo.

Mlikuwa mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za kazini, muweke kwenye jarida la idara. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja vimechelewa na havikuwa na utamu wowote. Semina nazo sitazitaja, nyingi nilikwenda kula. Nitawaambia habari za ramu, kwa sababu ninyi siku hizi ramu ikikataa mnaitupa kwenye ndoo, na mashine ikichoka mnaagiza nyingine. Sisi hatukuwa na ndoo ya kutupia.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye duka la Bwana Hasmukh, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli. Familia yake ni Wahindi waliofanya biashara hapa Shinyanga tangu enzi za babu yake, na Kisukuma alikizungumza kuliko mimi niliyekulia Kahama kwa Wasumbwa. Waliuza mizani za kupimia pamba, karatasi za stensili, na taipureta. Mimi niliajiriwa kuwa mpiga chapa. Siku ya kwanza nilivaa gauni jipya la kitenge na viatu vya kisigino, nikakuta meza niliyoahidiwa imeuzwa asubuhi ile ile, pamoja na taipureta yake. Bwana Hasmukh hakuona tatizo. Aliniambia nikae huko nyuma kwa fundi mpaka ije nyingine. Ilikuja baada ya miezi mingi, na wakati huo nilikuwa nimeshasahau kuitaka.

Huko nyuma ndiko alikokuwa Masanja. Mtu wa makamo, mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata kwenye joto la Oktoba. Zamani alikuwa fundi wa redio koli za vinu vya pamba. Vinu vilipoanza kufa kimoja kimoja, alihamia kwenye kompyuta kwa kusoma vile vitabu vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanipa tochi nimmulikie. Hakuniuliza nimesoma wapi wala ninajua nini. Nilimulika mpaka mkono ukafa ganzi. Mchana ndipo akasema, "Mkono wako hautetemeki, mayu. Kesho njoo na viatu vya chini." Mayu kwa Kisukuma ni mama. Mjini nilijulikana kama Mama Kulwa, lakini yeye tangu siku hiyo hakuniita vingine.

Kazi iliyotuweka mjini ilikuwa kubadilisha ubao mkuu, ule ambao mafundi wote tunauita mazabodi. Mteja ana mashine ya zamani, inatambaa, na amesikia mwenzake ana mpya. Kununua mashine nzima hawezi. Basi tunamwachia kasha lake, kioo chake na diski yake, tunabadilisha mazabodi na prosesa tu. Ramu zake za zamani tunazihamishia kwenye ubao mpya, kwa sababu ramu zama zile ilikuwa kitu cha bei. Watu walizifunga kwenye leso na kuzificha pamoja na hati za viwanja.

Kuzihamisha ndiko walikoharibu wengi, na hapo Masanja hakuwa na mzaha. Kulikuwa na ramu fupi za pini thelathini na ndefu za pini sabini na mbili. Fupi zilikuwa hazina tena mahali kwenye mbao mpya. Waliouza vibao vya kuziunganishia kwa nguvu aliwaita wauza misiba. Ndefu ziliingia, lakini mbao mpya zilizitaka mbili mbili, pacha kwa pacha, ukubwa mmoja na kasi moja. Ukiweka moja tu, mashine inanyamaza. Kasi ilikuwa imeandikwa mwishoni mwa namba zilizo juu ya chipu, vile vidude vyeusi vya ramu, na alinifanya niisome kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza kabla hajaniruhusu kugusa kitu. Nilichukia. Leo nikiona mtu anapachika ramu bila kusoma, mkono unaniwasha kumpiga.

Halafu kuna meno. Meno ni ile safu ya vipande vya chuma kwenye ukingo wa chini wa ramu, vinavyoingia kwenye tundu la ubao. Ramu nyingine meno yake yamepakwa dhahabu, ni ya njano. Nyingine yamepakwa bati, ni meupe. Matundu ya ubao nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Masanja ilikuwa njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe. Ukichanganya, mashine itawaka leo na kesho itawaka, lakini siku zinavyokwenda kutu inajijenga katikati, na mteja anarudi akidhani umemroga. Wauzaji wa Dar es Salaam hawakujali, walituma ubao wowote. Masanja akiona matundu hayalingani na meno ya mteja, anaurudisha kwa treni. Bwana Hasmukh alikuwa anashika kichwa kila boksi likirudi stesheni, ila alivumilia, kwa kuwa mashine zilizopita mikononi mwa Masanja zilikuwa hazirudi.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, ingawa hamyafanyi. Gusa kwanza fremu ya kasha, umeme wa mwilini ushuke. Meno usiyaguse kwa kidole hata siku moja, kidole kina jasho na chumvi. Yakiwa na uchafu, yasugue taratibu kwa ufutio wa shule. Ramu iingie imeinama, kisha isimamishe mpaka vishikizo vilie pande zote mbili. Ukiwasha, usikimbilie chai. Simama uangalie ile hesabu inayopanda kwenye kioo cheusi, mashine ikihesabu ramu zake. Hesabu ikifika mwisho bila kukwama, ndipo Masanja alipokuwa anafungua kile kifungo cha juu cha shati.

Ramu zilizokufa tulizitia kwenye kopo la siagi, chini ya meza yake. Nilijifunzia humo: hii ilikufa kwa radi, hii kwa mtu aliyeipachika kinyume, hii ilikufa tu. Zilikuwa za njano na nyeupe, na za njano zilikuwa nyingi zaidi. Hilo kopo mlikumbuke.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini, dhahabu ya Geita ilikuwa imewachanganya watu akili. Walimu waliacha chaki, watu wa pamba waliacha pamba. Ndipo tulipompata mteja aliyeitwa Bwana Festo, mnunuzi wa dhahabu wa Rwamgasa, huko machimboni Geita. Wachimbaji walitoa mawe kwenye maduara, mashimo yao, wakayatwanga, wakayaosha, wakaikamata dhahabu kwa zebaki, na yeye akawangoja na mizani. Alikuwa na nyumba ya matofali katikati ya vibanda vya turubai, jenereta, na kompyuta aliyopenda wageni waione. Mtu wa maneno mengi na marashi mengi. Mashine aliileta kwa pikapu, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, akataka mazabodi mpya.

Masanja alipoifungua, uso ulimng'aa. Ndani kulikuwa na ramu mbili ndefu, pacha halisi, meno ya dhahabu, hazina hata mkwaruzo. Ubao wa kwanza ulikuja na matundu ya bati, akaurudisha. Wa pili nao hivyo hivyo, akaurudisha. Festo alitukana kwenye simu mpaka Bwana Hasmukh akawa anaushika mkono wa simu mbali na sikio. Wa tatu ulikuja wenye matundu ya njano. Mtu aliyekuja kuitwa mwizi wa meno ya dhahabu ndiye pekee katika mji mzima aliyegombana na tajiri wake ili meno hayo yapate tundu linaloyafaa.

Siku ya kuchukua mashine, Masanja alimwita Festo huku nyuma, akamwonyesha ramu zake kabla hajazipachika, ili aone kwamba ni zile zile. Festo alichukua moja, akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga kama anavyoangalia dhahabu ya watu. Akatania kwamba angejua ina mali hivyo, angeiuza kwa gramu. Tulicheka wote watatu. Masanja alimweleza pia kwamba barabara ya kwenda kwao ni mbovu, mashine ikifika inalia, azichomoe ramu na kuzirudisha, huenda zimelegea. Ni ushauri ambao hata mimi nimewapa wateja maisha yangu yote.

Festo alirudi msimu wa pamba umepamba moto, duka limejaa watu wanaotengeneza mizani. Aliingia na askari polisi wawili. Alifungua leso, akamwaga ramu mbili juu ya kaunta. Meno yalikuwa meupe pe. Mashine ilikataa, akasema, na fundi mmoja aliyekuwa akipita Geita aliifungua akamwambia hizi ni za bati, umebadilishiwa. Bwana Hasmukh akamwita Masanja aje mbele.

"Siku ile ulinionyesha nini?" Festo alimuuliza.

"Ramu zako, bosi. Meno yalikuwa ya njano."

"Na haya?"

Masanja alizigeuza mara mbili. Nilimwona akisoma namba kimoyomoyo. "Meno ni meupe," alisema. "Lakini namba za chipu ni zile zile. Sielewi."

Festo hakuwa na haja na namba. Ramu zenye namba hizo ziko nyingi madukani, alisema. Akawageukia wale wakulima na makarani waliojaa dukani. "Mmemsikia wenyewe. Ya njano yameingia, meupe yametoka."

Askari walikwenda nyuma kupekua, wakarudi na kopo la siagi. Walilimimina kaunta nzima, meno ya njano yakatawanyika juani. Watu wakaguna. Nilisogea nikawaeleza kwamba hizo ni ramu zilizokufa, tunajifunzia, na kama ni kuiba dhahabu yake mtu angeyakwangua, mbona meno yote yapo? Askari mmoja akaniuliza mimi ni nani wake. Nilisema ni mwalimu wangu. Alimwangalia mwenzake, wakacheka. Walimtoa Masanja mlango wa mbele, mchana kweupe, kopo limebebwa mbele yake kama ng'ombe wa wizi. Bwana Hasmukh alikuwa ameinamia mizani tupu anaisoma.

Masanja alilala mahabusu. Alitoka pale Bwana Hasmukh alipokubaliana na Festo kwamba duka litatoa ramu mpya, na fundi ataondoka kazini. Bwana Hasmukh hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Angekuwa mbaya, yale aliyoyafanya yasingenikata maini namna ile.

Aliyepaswa kwenda Rwamgasa kupachika hizo ramu mpya ni mimi, kwa kuwa hakukubaki mwingine. Nilipewa na zile nyeupe nimrudishie mwenyewe, kwani ni mali yake. Basi lilinipeleka Kahama, nikaunganisha hadi Runzewe, nikalala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, asubuhi nikapanda nyuma ya lori la magunia. Njiani kote nilikuwa natafuta tusi la kumtukana Festo nikifika. Nilikuwa na mengi, nikashindwa kuchagua.

Festo hakuwepo. Alinipokea mpwa wake Joeli, kijana mpole aliyekuwa karani wake. Kompyuta ilikuwa ndani, kwenye meza ndefu ya mbao yenye nyufa, na ubavuni mwake kulikuwa na sinia la bati, kipande cha kitambaa cheupe na mizani. Nilifungua kasha, nikatandaza skrubu zangu juu ya meza, nikapachika ramu mpya, nikawasha. Hesabu ilipanda mpaka mwisho. Sikuwa na kifungo cha kufungua, na nisingekifungua.

Nje uani alikaa mama mmoja wa Kisukuma, Mama Shija, aliyeajiriwa kuchoma dhahabu. Wachimbaji walileta donge lao la dhahabu iliyochanganyika na zebaki. Joeli alilikamua kwa kitambaa ndani, pale mezani, na Mama Shija alilichoma kwenye mkaa mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Alinimiminia maji ninawe. Nilipokunjua vidole, akanishika mkono.

"Mayu, pete yako imeliwa."

Niliangalia. Pete yangu ya ndoa, ya dhahabu, aliyonivisha mume wangu Kahama mbele ya mchungaji, upande mmoja ilikuwa nyeupe kama kijiko. Wazo la kwanza nililopata ni kwamba mume wangu alinunua pete ya bandia, Mungu anisamehe. Mama Shija akacheka kwa huruma. Aliniambia hapa hawavai pete. Ile meza imeshiba zebaki, iko kwenye nyufa, hata ukiifuta iko. Zebaki ikigusa dhahabu inaipanda na kuigeuza nyeupe. "Hata bosi," alisema. "Pete yake anaivulia mlangoni kabla hajaingia."

Nilirudi ndani mikono inatiririka maji. Nilimuuliza Joeli ramu zile za zamani nani alizichomoa. Alisema yeye. Mashine ilipofika kutoka Shinyanga ilikuwa inalia, na mjomba wake alimwambia fundi ameagiza zichomolewe na kurudishwa. Nikamuuliza alipozichomoa aliziweka wapi.

"Hapo," alisema, akaonyesha sinia. "Ili zisipotee. Ilikuwa siku ya kazi nyingi, nikaziacha mpaka jioni."

Alikuwa ameziweka kwenye sinia la kukamulia zebaki. Hakuficha, maana hakujua kuna kitu cha kuficha.

Nilimpa Mama Shija pete yangu. Aliiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa, akajifunga kanga mdomoni, akaniambia nisimame upande ambao upepo unatoka. Ile nyeupe ikafifia, na njano ikarudi, chafu kidogo, lakini njano. Kisha nikampa ramu moja. Aliishika kwa koleo, akauelekeza ukingo wake mmoja kwenye joto. Ilinuka vibaya, kona ya kibao ikaungua ikawa nyeusi, na meno machache ya mwisho yakarudi rangi yake. Dhahabu ya Festo ilikuwa pale pale, muda wote. Mikono ya Mama Shija ilikuwa inatetemeka aliponirudishia. Haikuwa baridi wala woga, ni ule moshi alioula miaka mingi. Nilikumbuka Masanja na tochi, alivyousifu mkono wangu kwa kutotetemeka, nikaona aibu bila kujua namwonea nani.

Festo alifika jioni. Nilimwonyesha pete, nikamwonyesha ramu, nusu nyeupe, kona ya njano. Joeli mwenyewe alimweleza kuhusu sinia. Festo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa amesimama mbele yangu na kidole kitupu chenye alama ya pete, pete yenyewe ameivulia mlangoni. Mtu huyu alinunua donge la zebaki na dhahabu kila siku ya Mungu. Alipoona meno yamegeuka meupe nyumbani kwake, alijua nini? Nimejiuliza swali hilo miaka yote, na jibu nililonalo halimsaidii.

"Mama Kulwa," aliniambia, "mashine inawaka?"

"Inawaka."

"Basi yameisha."

Nilimwomba aje Shinyanga. Nilimwambia hahitaji kulipa chochote, aje tu asimame pale kwenye kaunta, duka likiwa na watu, aseme alikosea. Nilimwomba kwa adabu, na yale matusi yangu yote nikayameza. Alicheka, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa gari. Hawezi kusafiri barabara yote ile kwenda kumpigia fundi magoti. Halafu akasema neno ambalo likinijia hata leo nikiwa nakula, naacha kula.

"Mwambie nimemsamehe."

Bwana Hasmukh alifurahi kweli kweli nilipomweleza na kumwonyesha ile ramu iliyoungua kona, ambayo Festo hakuitaka tena. Aliigeuza ramu mkononi, akasema alijua tu, Masanja hawezi. Nikamwambia basi tutangaze. Hapo akaanza kusugua shingo. Bwana Festo ameagiza mashine nyingine kwa ajili ya ndugu zake, tukimwaibisha ataenda Mwanza. Masanja arudi tu Jumatatu, apite mlango wa nyuma, aendelee na kazi kama zamani, watu watasahau.

Nilimfuata Masanja kijijini kwao, upande wa Kishapu. Nilimkuta shambani anachuma pamba, shati limefungwa mpaka juu. Alikuwa amemtoa binti yake kwenye shule ya mjini, maana wenzake walikuwa wakimwita Meno. Nilimsimulia yote, kuanzia pete mpaka mkaa. Aliipokea ramu. Na mtu yule aliyenikataza kwa ukali nisiguse meno kwa kidole, alipitisha gumba lake juu ya yale meno, taratibu, kutoka nyeupe mpaka njano.

"Festo amesema mbele ya watu?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Amesemaje?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Amesema amekusamehe."

Alichambua mbegu za pamba kwa vidole. Kisha nikamweleza ya Jumatatu na ya mlango wa nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa.

"Walinitoa mbele, mayu, jua likiwaka," alisema. "Siwezi kurudi kwa nyuma." Akanirudishia ramu. "Kaa nayo. Siku wakitaka kusikia, utawaonyesha."

Hawakutaka. Nilisimulia dukani, nikasimulia sokoni, kanisani pia. Waliniambia mwanafunzi lazima amtetee mwalimu wake. Ile ya mwizi wa meno ilikuwa tamu zaidi, ilikuwa na dhahabu na ilikuwa na polisi, yangu ilikuwa na sinia. Wateja walianza kubeba viti kuja huku nyuma, wakakaa kuangalia mikono yangu nikihamisha ramu zao. Nilifanya kazi hivyo miaka, napumuliwa shingoni, mpaka duka likafungwa nikahamia chuoni. Masanja hakugusa tena kompyuta. Alikufa mkulima wa pamba, na kwenye maziko yake nilisikia mtu nyuma yangu akimweleza jirani habari za kopo la siagi.

Kabla sijakabidhi funguo za karakana, niliipigilia ile ramu ukutani, usawa wa macho, pale mnapotundika makoti. Ina meno meupe, na kona moja imeungua, ina meno ya njano. Sasa mnajua ni nini. Masanja hakuiba. Namwomba yule kijana mcheshi asimame tena, ukumbi ule ule, watu wale wale, soda yake mkononi akipenda, aseme hivyo kwa sauti ile ile. Masanja hakuomba kazi yake irudi. Aliomba hilo tu.

Na aharakishe, kwa sababu aliyebaki wa kusikia ni mmoja. Kesho yake baada ya sherehe, Mama Pendo wa uhasibu alikuja nyumbani kwangu, akakaa jikoni. Mnamjua kwa jina la mwanawe, hamjui la baba yake. Yeye ndiye yule binti waliyekuwa wakimwita Meno, na ameniruhusu niandike. Nilimuuliza kwa nini na yeye alicheka.

"Ningenyamaza," aliniambia, "wangeniuliza kwa nini sicheki."